Nilimwacha Mwenzangu Ndani ya Hema Nisilojua Kulikunja

Nimekosa, ndugu zangu. Sianzi kwa kujitetea, maana nimejitetea peke yangu miaka mingi na haikunisaidia. Nimemkosea mwanaume mmoja aliyeniamini, na mwanamke mmoja ambaye hakunitendea lolote zaidi ya kunipikia. Na chanzo chake ni kitu cha kijinga hata naona haya kukiandika: sikujua kukunja hema, nikasema najua.

Chekeni kwanza, mkimaliza mnisikilize.

Nilikuwa kijana wa Iringa, nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimepata kazi katika kikosi cha kupima ardhi. Ofisi yetu ilikuwa Mbeya, lakini kazi yenyewe ilikuwa chini kule, bonde la Usangu, kulikokusudiwa kuchimbwa mifereji ya mashamba ya mpunga. Mimi na mwenzangu Lutengano tulishika mnyororo wa kupimia, tulipigilia vigingi, na kila wiki mbili tulihamisha kambi. Lutengano alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, mwenye darasa la saba tu. Hapo kwenye "tu" ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia!

Siku moja ofisini tuliletewa hema la ajabu. Lilikuwa la nailoni, rangi ya chungwa, na sakafu yake imeshonwa pamoja na kuta. Mtaalamu wa kigeni aliyelileta alilitoa mfukoni kama mwavuli, akavuta kamba moja, paa! Hema likasimama lenyewe uwanjani. Makarani wakatoka madirishani kupiga makofi. Asubuhi ile Mbeya ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, lakini watu walisahau baridi.

"Kusimama ni rahisi," mtaalamu akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Kulala ndiyo kazi."

Akatuonyesha. Juu kabisa, katikati, palikuwa na chuma cha duara tulichokiita kitovu. Kutoka kwenye kitovu zilishuka nguzo nne nyembamba, kila nguzo na goti lake lenye springi. Ukitaka kulikunja unabonyeza kitovu, unakizungusha, ndipo magoti yanalegea, nawe unayakunja mawili mawili yanayotazamana. Ukilazimisha goti kabla ya kufungua kitovu, springi inakaza. Ukizidi kulazimisha, inavunjika.

Haya yote ninayowaeleza nimeyajua baadaye. Asubuhi ile sikuyasikia. Nilisimama kwa nyuma mikono mfukoni, nikimchekesha karani wa kupiga chapa. Lutengano alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akalikunja na kulikunjua mara sita mpaka mtaalamu akampigia saluti.

Mkuu wetu wa kambi alikuwa mtu mkali, asiyependa kurudia neno. Akanigeukia. "Na wewe, umeelewa?"

"Nimeelewa, Mkuu."

"Nionyeshe."

"Mkuu, hili la mara moja tu kuliona. Mimi nina kidato cha nne."

Watu wakacheka, naye akacheka, ikapita hivyo. Ningeumbuka siku ile, mbele ya karani yule, leo nisingekuwa na habari ya kuwaandikia!

Tukashuka Usangu. Tukapiga kambi nje kidogo ya Rujewa, na hapo tukampata mpishi, mama mmoja Msangu aliyeitwa Mama Semeni. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Semeni, aliyebaki kwa bibi yake pale Rujewa. Mama huyu alikuwa na tabia moja: kila tulipohamia, kabla hajawasha moto, alichukua jembe akapalilia nyasi zote kuzunguka jiko, akafagia mpaka ardhi ikabaki nyekundu kama kaburi jipya. Uwanja mzima! Mimi nilikuwa nikimtania: "Mama Semeni, unapika au unajenga kiwanja cha ndege?"

"Nyasi za huku zina hasira, mwanangu," alinijibu. "Wewe wa milimani huzijui."

Kila tulipohama, Lutengano ndiye aliyelikunja lile hema. Na kila mara aliniita, kwa upole ule ule ulionichukiza: "Nkamu, njoo nikuonyeshe, ni dakika tano tu." Nkamu kwao ni ndugu. Nilimjibu nina kazi ya vitabu. Nilikuwa nikiandika vipimo, basi nikajiona mhandisi! Kufundishwa na mtu wa darasa la saba, mbele ya dereva na mpishi? Afadhali nife. Ndivyo nilivyosema moyoni, na Mungu alisikia.

Mwezi wa tisa Lutengano akashikwa na homa. Alikuwa akitetemeka huku jua linachoma. Siku hiyo hiyo tulitakiwa kuhamia upande wa njia ya Madibira, na Mkuu akaniambia, "Leo hema ni lako. Fanya haraka."

Nilizunguka lile hema kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikavuta kamba hii, nikavuta ile. Nikasukuma goti moja kwa mkono, likagoma. Nikalisukuma kwa paja. Mwishowe nikalipiga teke. Likalia kah! Chuma kikaruka na kunichana kidole gumba, nguzo ikalegea kama mguu wa mbuzi aliyevunjika.

Nikageuka. Mama Semeni alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Hicho kimevunjika, baba."

"Hakijavunjika. Kimelegea."

"Mwambie mkubwa wako. Chombo cha kulala watu hicho."

"Mama, kapike ugali wako!"

Nilimtukana mtu wa umri wa mama yangu mzazi, akaondoka na ndoo yake taratibu, maji hayakumwagika hata tone. Nikachukua waya wa kufungia vigingi, nikalizungushia lile goti mara nyingi, nikapaka tope waya usionekane. Nikalibeba hema vile vile limevimba nusu nusu, nikalitupa nyuma ya Landrova chini ya magunia.

Jamani, mali ya umma ilikuwa inaogopwa siku zile! Nilijua nikisema nimevunja, nafukuzwa. Hofu ya kufukuzwa ndiyo iliyonifunga mdomo.

Tulipofika kambi mpya nililisimamisha mwenyewe. Kusimama lilisimama. Ukilitazama kwa mbali hukuona kitu.

Kesho yake homa ya Lutengano ikapanda mpaka akawa anaongea na marehemu baba yake. Mkuu akasema, "Mlazeni kwenye hema la chungwa, lina chandarua na halipitishi wadudu." Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Tukambeba mimi na dereva, tukamlaza, nikafunga zipu kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha Mkuu na dereva wakaondoka na gari kwenda Rujewa kutafuta dawa ya sindano.

Tukabaki watu watatu. Mgonjwa hemani, Mama Semeni jikoni kwake, nami chini ya turubai na vitabu vyangu.

Ilikuwa saa saba mchana. Kwanza nikaona mwewe, wengi, wakizunguka juu upande wa mashariki na kutumbukia chini kama mawe. Nikashangaa tu. Kisha panzi wakaanza kuja, wakinigonga usoni na kwenye karatasi. Panya wakapita katikati ya kambi mchana kweupe bila kutujali. Halafu upepo ukabadilika, nikasikia harufu.

Ndugu zangu, mtu asiyejua moto wa mbugani hawezi kuelewa sauti yake. Unasikika kama gunia la chumvi linamwagwa kwenye mafuta ya moto, lakini gunia lisiloisha. Nikasimama juu ya sanduku. Mstari mwekundu ulikuwa umefunika upande wote, na nyasi za pale zilikuwa zinanifika kifuani!

"Mama Semeni! Moto!"

"Nauona! Mtoe mwenzio umlete hapa jikoni!"

Nikakimbia kwenye hema. Nilikuwa hatua kumi tu nilipoona upepo unalipiga ubavuni. Waya wangu ukateleza. Nguzo ile mbovu ikakunjika ndani, nyingine zikaifuata kwa nguvu ya zile springi, zikajipindapinda, na hema lote likamfunika Lutengano kama wavu. Mlango ukawa chini, zipu imebanwa na chuma.

"Nani? Nani anafanya hivyo?" Lutengano akapiga kelele ndani.

"Ni mimi! Toka!"

"Siwezi, nimebanwa miguu! Fungua kitovu!"

Nikavuta kamba. Hema likakaza zaidi. Nikamsikia akilia kwa maumivu.

"Siyo kamba! Kitovu, nkamu! Bonyeza, uzungushe kulia!"

Kitovu! Kitovu kilikuwa wapi? Nilikuwa natazama vyuma vinne vimesokotana na nailoni, sijui kipi ni kipi. Nilibonyeza kila nilichoshika. Mtu mwenye homa kali, aliyefunikwa gubigubi, alikuwa ananifundisha akiwa ndani lile somo nililolikataa mara ishirini, na bado nilishindwa kulielewa.

"Chana!" akasema. "Chana tu!"

Hamtaniamini. Nilifikiri: hili ni la umma, nikilichana nitasema nini kwa Mkuu? Moto umebakiza umbali wa kiwanja cha mpira, na mimi nafikiria Mkuu! Hata kisu sikuwa nacho. Nikajaribu kwa meno. Nailoni haichaniki kwa meno.

Joto likanipiga usoni nikahisi nyusi zinanuka. Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo nilipofanya lile ninaloliungama.

Nikaachia. Nikakimbia.

Mfereji wenye maji ulikuwa mbele, hatua kama mia moja na hamsini. Lutengano alisikia miguu yangu ikiondoka. Akaniita kwa jina. Akaniita tena. Mara ya tatu hakuita kwa nguvu, aliita kama mtu anayeuliza. Sikugeuka. Nikajitupa majini, nikabaki pua tu nje, nikiomba sala zote nilizofundishwa na nyingine za kujitungia.

Nilipoinua kichwa nikamwona Mama Semeni. Alikuwa anakimbia, lakini anakimbia kuelekea hemani! Kanga yake imelowa maji kichwani, mkononi ana panga la kuchanjia kuni. Akafika. Akapiga panga mara moja, mara mbili, akatia mikono yote miwili ndani ya ule mpasuko. Makali ya moto yalikuwa yameshagusa pembe ya hema, nailoni inayeyuka na kudondoka kama nta. Akavuta. Yule mama hakuwa mnene, hakuwa na nguvu za kumzidi mwanaume, lakini alimvuta Lutengano kinyumenyume, anamburuta kwa makwapa, mpaka kwenye uwanja wake ule uliofagiliwa. Kisha moshi ukafunika vyote.

Moto ukapita. Uligawanyika kwenye ule uwanja huku na huku, ukaenda zake. Nyasi zikiisha moto hauna cha kukaa.

Nikatoka majini, nguo zinachuruzika. Kambi nzima ilikuwa majivu, isipokuwa lile duara jekundu lenye masufuria. Lutengano alikuwa amezimia, mguu wake wa kushoto umeungua toka goti kwenda chini. Mama Semeni alikaa pembeni yake, mikono ameinyoosha mbele, ile nailoni imemgandia vidoleni. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, nilivyolowa.

"Lete maji," akasema.

Laiti mambo yangeishia hapo! Mtu anaweza kusamehewa woga. Subirini.

Mkuu aliuona moshi njiani akarudi mbio. Alipotukuta hai akawa anatushikashika tu kama anatuhesabu. Tulipokuwa tunampakia Lutengano garini akafumbua macho kidogo, akasema, "Nilisikia sauti yake. Alikuwa ananivuta... hakuniacha." Na mkono wake ukanishika mimi.

Mkuu akanipiga begani. "Kumbe wewe ni mwanaume!"

Mama Semeni akasema, pole pole, "Mkubwa, mimi ndiye niliyemtoa."

Mkuu akamtazama, akanitazama. "Ndivyo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo! Lakini nikiisema hiyo ndiyo, swali linalofuata ni: wewe ulikuwa wapi? Na linalofuata: hema lilianguka vipi? Na linalofuata: waya huu ni wa nani?

Nikasema, "Mama amechanganyikiwa na moshi, Mkuu. Mikono aliungua jikoni kwake."

"Jikoni?" Mkuu akakunja uso. "Moto ulianzia jikoni?"

Nilikuwa nimeuona moto ukitoka mashariki kwa macho yangu haya. Nikajibu, "Mimi sikuona ulikoanzia."

Maneno mawili, ndugu zangu. Sikuona ulikoanzia. Kwa maneno hayo mawili nilimzika mtu mzima akiwa anapumua.

Mama Semeni hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akaanza kukusanya masufuria kwa viganja vya mikono iliyoungua.

Mkuu alimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Kesho yake wakaja wafugaji, wale waliotoka kaskazini na ng'ombe wao kutafuta malisho. Moto ulikuwa umekula malisho yao yote ya kiangazi, ndama wawili na nyumba tatu za nyasi. Mzee wao mmoja alikuwa anapiga fimbo chini kwa hasira. Wakaambiwa: ni mpishi. Mimi nilikuwepo. Niliandika taarifa ya Mkuu kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne, kwamba moto ulianzia jikoni kwa uzembe wa mpishi, nikaweka sahihi.

Nilisikia baadaye yaliyompata Mama Semeni. Kisimani wanawake walikuwa wakitoa ndoo zao anapofika. Mtoto wa mtu akiugua, inasemwa ni mkono wake. Siku ya mkutano wa kijiji yule mzee mfugaji alimtemea mate mbele ya binti yake. Haikupita mwezi mama yule akafunga mzigo, akamchukua Semeni, akaondoka. Hakuna aliyejua kaenda wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema sasa nimepona.

Sikupona. Lutengano alilazwa Mbeya muda mrefu, akatoka anachechemea, hawezi tena kazi ya kutembea porini. Wakampa kazi ya kulinda stoo. Nami nikapandishwa cheo kwa ujasiri! Alipooa alinialika kwao Tukuyu, akanisimamisha mbele ya ukoo mzima. "Ndaga fijo, nkamu," akasema, yaani asante sana, huku anabubujikwa machozi. Mama yake alinishika miguu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa akampa jina langu.

Mnaelewa hofu hiyo? Kila barua kutoka Tukuyu niliifungua nikijua ndani imeandikwa: nimejua. Kila mwanamke mwenye kanga aliyesimama mlangoni mwa ofisi, niliinamia vitabu asinione. Wakulima wakichoma mabua, mimi natoka jasho. Nilianza kunywa pombe, mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine. Ningemwambia nini? Kwamba mwanamke huyo yupo kweli, na simjui aliko?

Miaka mitatu ikapita. Tukapelekwa kupima barabara upande wa Chunya. Asubuhi moja nikiwa Makongolosi, kule wanakochimba dhahabu, nikaingia kwenye kibanda kunywa uji. Binti mmoja alikuwa anakoroga chungu. Pembeni mama yake alikuwa anampa maelekezo tu, "punguza kuni, ongeza maji," maana mikono yake ilikuwa imekunjamana, vidole havifunguki.

"Karibu, baba," akasema. Kisha akanitambua. Wala hakupiga kelele. "Semeni, mpe mgeni uji."

Niliporomoka magotini pale pale, wachimbaji wakanigeukia. "Mama, nisamehe. Nisamehe, mama yangu. Nilikuwa na hofu."

Aliacha nimalize kulia. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananipiga kama fimbo:

"Hapa Makongolosi hakuna mtu anayenilaumu kwa lolote, mwanangu. Msamaha wa hapa wa nini? Mimi nilichafuliwa Rujewa. Nenda kaseme Rujewa."

"Nitakwenda, mama."

"Kunywa uji wako, unapoa."

Nilikwenda? Sikwenda! Nilikaa miezi miwili nikijidanganya: kazi nyingi, mvua, gari hakuna. Hofu, ndugu zangu, ina akili kuliko msomi yeyote. Kilichonisukuma mwishowe ni barua ya Lutengano. Aliniandikia kwamba mkewe ni mjamzito tena, na wakipata wa kike wangependa nimchagulie jina mimi. Kesho yake nikapanda basi kwenda Rujewa.

Nilimwendea balozi wa nyumba kumi, nikamwomba aniitie watu. Walikuja wengi, wakidhani ni habari za mifereji. Nikasimama. Nikasema jina langu, nikasema la baba yangu. Nikasema moto ulitoka mashariki, haukutoka jikoni. Nikasema nani alikimbia na nani alibaki. Nikasema waya. Nikasema taarifa niliyoisaini.

Nilitegemea mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, na kweli nilipigwa vibao viwili na kaka yake Mama Semeni, navyo vilikuwa haki yangu. Lakini kilichoniumiza ni yule mzee mfugaji. Alisimama akiegemea fimbo yake, macho yameingia ndani.

"Kijana," akasema, "ndama wale nimeshawasahau. Nyumba nilijenga nyingine. Lakini mama yule nilimtemea mate. Sasa niambie wewe uliyesoma, mate yale nitayarudishaje?"

Kutoka hapo nikapanda kwenda Tukuyu. Lutengano alinipokea kwa kicheko, akaniita nkamu, akataka kumtuma mtu kuchinja kuku. Nikamwambia asubiri. Nikamweleza yote tukiwa wawili chini ya migomba, mtoto mwenye jina langu anacheza na ganda la ndizi. Sikupunguza kitu. Nilipofika pale alipoita mara ya tatu, akainua mkono ninyamaze.

Akausugua ule mguu. Kisha akauliza, "Mama Semeni anaishi wapi?"

Nikamwambia.

"Nitakwenda kumsalimu," akasema. "Na mtoto huyu jina tutamwachia, yeye hana kosa. Lakini wewe usikanyage tena hapa kwangu." Akaingia ndani, akafunga mlango pole pole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mkewe alitoka na maji ya kunawa, akanikuta nimesimama peke yangu. Nikaondoka.

Ofisini nilimweleza Mkuu. Nilivuliwa cheo, nikarudishwa kushika mnyororo nikiwa na watu waliozaliwa nyuma yangu. Sinung'uniki. Nimesikia Rujewa walituma watu wawili Makongolosi kumwomba Mama Semeni arudi. Alikataa. Aliwaambia amesikia, na kwamba uji hauwezi kungoja.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi vijana mliopata elimu kidogo mkajaa upepo kama mimi, nawasihi: usilolijua, sema sijui. Neno hilo linaumiza dakika moja tu. Ukivunja, onyesha ulichovunja kikiwa bado ni chuma, kabla hakijawa mguu wa mtu au mikono ya mtu. Na kama kuna mtu leo anatembea na lawama yako mgongoni, usimvizie pembeni umnong'oneze samahani. Nenda kwa wale wale walioambiwa uongo, uwaambie.

Mimi nimeandika haya bila kuweka jina langu, kwa sababu bado naogopa. Rujewa nililitamka, hapa nimeshindwa. Oneni mlivyo na mtu wa namna gani! Kimbieni njia yangu, jamani, kimbieni mngali na pa kurudi.